Skafu ya Furaha na Maabara ya Chini

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja ya Ganshoren, mtaa wa huku ugenini, Préfète alinitazama kuanzia viatu hadi nywele. Préfète ndivyo wanavyomwita mkuu wa shule akiwa mwanamke. Kisha akaniuliza kama nimewahi kushika bureti. Bureti ni mrija mrefu wa kioo wenye koki chini, wa kupimia kimiminika tone kwa tone. Mimi nilikuwa nimefundisha kemia Likasi, kwetu Kongo, mpaka vumbi la chaki likawa kama poda yangu ya uso. Nikamjibu: "Madame, nimeishika, nimeiosha, na ilipovunjika mdomo nimeifunga plasta ikaendelea kufanya kazi." Hakucheka. Akanipa funguo za maabara na kuniambia kengele italia muda si mrefu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nimesubiri sana serikali yao ikubali kwamba diploma yangu ni diploma, na wakati nasubiri nilipiga deki ofisi za watu. Sisemi hivyo ili mnionee huruma. Nasema ili mjue kwamba siku ile sikuingia pale kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni akae kwa adabu. Niliingia kufanya kazi yangu.

Somo la kwanza lilikuwa la maharagwe. Watoto walitaka kujua kama mmea unahitaji mwanga, basi kijana mmoja akaweka chungu kimoja dirishani na kukimwagilia vizuri, na kingine akakifungia kabatini bila maji. Nikamuuliza: "Wa kabatini ukifa, umeuawa na giza au na kiu?" Hapo nikawaandikia ubaoni yale ambayo nimeyaandika maisha yangu yote. Katika jaribio, kila kitu kinachoweza kubadilika kinaitwa kigeu. Kile unachokigeuza kwa mkono wako kwa makusudi ni kigeu huru. Hapo ni mwanga. Kile unachokaa ukikitazama kitafanya nini ni kigeu tegemezi, kwa sababu kinategemea ulichogeuza. Hapo ni urefu wa mmea. Na vile vingine vyote, maji, udongo, chungu, aina ya mbegu, unavishika visisogee. Hivyo ni vigeu dhibiti. Kazi kubwa ya sayansi iko kwenye hivyo vya mwisho, na ndivyo watu wanavyovisahau.

Préfète alikuwa amekaa nyuma ya darasa muda wote, mkoba mapajani. Watoto walipotoka akaniambia: "Wazazi watalalamika juu ya lafudhi yako."

"Wakinikosoa kwenye kemia nitawasikiliza," nikamwambia.

Akasimama, akafunga vifungo vya koti. "Sawa. Lakini lile swali lako ni zuri. Badilisha kitu kimoja tu, Madame. Ukibadilisha viwili, hujui ni kipi kilichokujibu." Nilikuwa nayajua hayo kabla sijavaa koti la baridi hata mara moja, lakini namna alivyoyasema ilikuwa fupi na safi, na nimeyatumia maneno yake kama yangu hadi leo. Alikuwa mkali yule mama, na alikuwa wa haki.

Nafasi ile haikuwa yangu, nilikuwa namshikia mwalimu aliyekuwa mgonjwa. Alipopona nikapelekwa shule ya Uccle, mtaa wa wenye nacho. Lo, Uccle! Maabara yenye madirisha mapana, miti nje, na kabati la joto ambalo unaliambia digrii unazotaka nalo linatii. Mkuu wa idara ya sayansi alikuwa bwana mpole mwenye ndevu zilizochanwa. Alinionyesha kila chombo kama mtu anayeonyesha watoto wake. Akasema: "Hapa, Madame, majaribio hutoka kama yalivyo kitabuni."

Ni kweli, yalitoka. Na hilo ndilo lililonikera. Watoto wale, wa mabalozi na mawakili, walikuwa wazuri tu, lakini chumba chenyewe kilikuwa kinawadhibitia vigeu vyao na wao hawakujua. Waliona jibu limetoka sawa, wakadhani ni kwa sababu ya akili zao. Siku moja nikalizima lile kabati la joto kabla ya somo ili waone. Hamira haikupanda, watoto wakachanganyikiwa, wakaanza kuuliza maswali ya maana kwa mara ya kwanza mwaka ule. Mkuu wa idara akaniita. "Madame, kwa nini umeharibu jaribio?" Nikamwambia sijaliharibu, ndiyo kwanza nimelianzisha. Mwaka uliofuata saa zangu zilipewa mtu mwingine. Bon. Nikafunga virago.

Kutoka pale nikaenda mtaa wa Saint-Gilles, na huko ndiko nilikozeekea. Shule ilikuwa na maabara mbili. Ya juu ilikuwa na jua na radiata zinazochemka, vile vyuma vya ukutani vya kupashia chumba joto. Ya chini ilikuwa chini ya ardhi kabisa, vidirisha vyake vinatazama miguu ya wapita njia, na radiata yake ilikuwa imekufa kabla sijafika. Darasa la 2A lilifanya sayansi juu. Darasa langu, 2C, lilikuwa chini. Katika 2C walikuwamo Wakongo, Wamoroko, Waromania, watoto waliofika juzi na watoto waliozaliwa palepale ila majina yao yalionekana kama yamefika juzi. Nilimuuliza Mkurugenzi, yaani mkuu wa shule ile, kwa nini ni hivyo kila mwaka. Akasema ni mambo ya ratiba.

Sasa sikilizeni yaliyotokea majira ya baridi ya mwaka mmoja, maana ndiyo hasa ninayotaka kuyasema.

Mtihani wa vitendo ulikuwa mmoja kwa madarasa yote. Unatia hamira na maji ya uvuguvugu kwenye chupa, unaongeza sukari, unavalisha mdomo wa chupa puto. Hamira inakula sukari, inatoa hewa, puto linajaa. Kigeu huru ni sukari: chupa moja haina, nyingine kijiko kimoja, nyingine viwili, nyingine vitatu. Kigeu tegemezi ni unene wa puto, unaupima kwa utepe wa fundi cherehani. Dhibiti ni vile vingine vyote. Somo lenyewe ni jepesi, hata mtoto mvivu hulipenda kwa sababu ya maputo.

Kule chini siku ile pumzi zetu zilikuwa zinaonekana. Maji ya birika yalipoa kabla hatujamaliza kumimina. Maputo ya 2C yakalala shingoni mwa chupa kama soksi. Isipokuwa moja. La Furaha.

Furaha alikuwa msichana wa watu wa Bukavu, Mkongo kama mimi, mkimya, mwenye skafu kubwa ya kijani ambayo haikumtoka shingoni. Puto lake la kijiko kimoja lilikuwa limevimba kulipita lile la vijiko vitatu. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, nahangaika na birika. Mkurugenzi, aliyekuwa anazunguka madarasani, ndiye aliyeliona. Akasoma karatasi yake, akasoma chupa, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Huyu ameongeza sukari. Ni udanganyifu. Sifuri."

Nikaliacha birika, nikamwendea Furaha. Nikamuuliza kwa lugha yetu: "Furaha, mama, ulifanya nini?"

"Hapa ni Kifaransa, Madame," akasema Mkurugenzi.

Nikamwangalia, kisha nikamgeukia mtoto na kumaliza swali langu kwa Kiswahili. Furaha akanijibu kwa sauti ndogo: "Maman, sikuongeza sukari. Ile chupa ilikuwa inasikia baridi, donc nikaifunika na écharpe, nikaiweka ku mapaja. Koko njo anafanyaka vile na mikate."

Écharpe ni ile skafu, na Koko ni bibi yake. Nani katika sisi hajui? Mama zetu wakikanda unga wa mikate ile ya kukaanga, wanaifunika beseni blanketi, wanaiweka pahali penye joto, na ole wako uifunue. Mtoto aliona hamira imelala, akafanya alichokiona nyumbani. Hakuiba kitu. Alichofanya ni kuingiza kigeu kingine, joto, kwenye chupa moja peke yake. Hilo ni kosa la jaribio. Si kosa la tabia. Nikamweleza Mkurugenzi yote hayo kwa Kifaransa chake kilichonyooka.

Akasema: "Nimekusikia. Sifuri inabaki." Halafu, mlangoni, akaongeza jambo ambalo sitalisahau mpaka naingia kaburini. "Tazama maputo yao, Madame. Darasa zima. 2A wamefaulu, hawa hawakuweza. Mwezi wa sita wengi itafaa waende ufundi. Wana mikono mizuri."

Niwaeleze. Mwisho wa mwaka wa masomo, mwezi wa sita, linakaa baraza la darasa, yaani walimu wote na Mkurugenzi, na kila mtoto anapewa hati. Hati A, anaendelea popote anapotaka. Hati B, anapanda darasa lakini milango fulani inafungwa, na mara nyingi ni mlango wa masomo ya jumla, ule unaomfikisha chuo kikuu kwa njia iliyonyooka. Mimi siudharau ufundi, thubutu! Baba yangu aliyeyusha shaba Likasi na mikono yake ilitusomesha. Lakini baba yangu hakuambiwa ana mikono mizuri na mtu aliyemfungia kwenye chumba cha baridi. Furaha alitaka sayansi. Sifuri ile ya udanganyifu ingemfungia mlango.

Basi wiki iliyofuata, saa ya chakula, maabara ya juu ilipokuwa tupu, nikawapandisha 2C wote bila ruhusa ya mtu. Chupa zilezile, hamira ileile, sukari ileile. Maputo yakajaa mpaka watoto wakapiga kelele. Nikamwita Mkurugenzi aje aone.

Akaja, akayatazama, akakunja mikono. "Siku ya mtihani ilikuwa mara yao ya kwanza," akasema. "Leo ni mara ya pili. Umebadilisha chumba, na umebadilisha mazoezi. Viwili, Madame. Hujui ni kipi kilichokujibu."

Aka! Hasira zilinipanda hadi masikioni, na hasira yenyewe ilikuwa hii: alikuwa amesema kweli. Maneno ya Préfète wangu wa Ganshoren, mdomoni mwa mtu yule. Nilirudi nyumbani na tramu nikasahau kushuka kituo changu. Lakini kabla sijavua viatu nilikuwa nimeshapata jibu, na niliimba nikipika.

Mwalimu wa 2A alikuwa Mflemishi, yaani mtu wa upande wa nchi ile usiosema Kifaransa, kijana, mrefu, mwenye aibu, aliyeongea Kifaransa kwa shida kuliko mimi. Nikamwambia: "Nipe nusu ya watoto wako. Chukua nusu ya wangu." Tukafanya hivi. Nusu ya 2A na nusu ya 2C wakaenda juu naye. Nusu nyingine za madarasa yote mawili zikashuka chini nami. Saa ileile, maji ya birika moja, na madarasa yote yameshafanya jaribio hili kabla. Sasa kama tatizo ni watoto, maputo ya 2A yatajaa popote na ya 2C yatalala popote. Kama tatizo ni chumba, mtaona.

Walishuka wale watoto wa 2A, mmoja akasema, "Madame, mbona hapa kuna baridi hivi?" Furaha akamjibu, "Karibu kwetu." Darasa zima likacheka, nami nikacheka.

Maputo ya chini yote yalilala, ya 2A na ya 2C. Ya juu yote yalijaa, ya 2A na ya 2C. Yule Mflemishi alishuka ngazi mbio kuniambia, masikio mekundu, akakuta wanafunzi wake mwenyewe wameshikilia maputo yaliyolegea. Akaenda kugusa radiata kwa kiganja, akaiacha.

Mwezi wa sita baraza likakaa. Mkurugenzi akafika kwenye jina la Furaha, akasoma: sayansi, sifuri, udanganyifu, hati B. Nikasimama. Nikasema alama ya sayansi hutolewa na mwalimu wa sayansi, na mwalimu ni mimi, na sifuri hiyo sikuitoa. Nikasema jina langu lisiandikwe chini ya uongo.

"Madame, keti," akasema.

"Nikiketi nitakuwa nimekubali. Sikubali."

Ndipo yule Mflemishi, ambaye hakuwahi kufungua mdomo barazani, akasema kwa Kifaransa chake cha kujikwaa: "Watoto wangu pia walishindwa kule chini. Kama ni hivyo, waandikieni nao B." Watoto wake walikuwa na wazazi wa kupiga simu wizarani. Mkurugenzi akageuza ukurasa. Wakapiga kura. Furaha akapata A.

Sitaki mdhani tulishinda yote. Wengine katika 2C walipewa B siku ile, kwa hisabati, kwa Kifaransa, kwa masomo ambayo sikuwa na chupa za kuyajibia. Nilipiga kura ya kupinga nikashindwa. Majina yao nayajua hadi leo, na bado inaniuma.

Na alama ya Furaha? Nilimpa nusu. Mama yake, aliyekuwa akihudumia wazee katika nyumba moja ya Uccle, alinifuata baada ya misa, uso umemkunjamana. "Maman Odile, si ni weye njo ulimutetea mutoto? Alors juu ya nini umemupa nusu?"

"Bongo hakufanya, hakudanganya mutu," nikamjibu. "Lakini aligusa chupa moja, zingine akaziacha, na ku karatasi hakuandika. Ile njo kosa yake. Minamutetea, na minamusahihisha."

Akavuta midomo. "Uko nguvu, maman."

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," nikamwambia. Akacheka kwa shingo upande, tukaenda kunywa chai.

Mwaka uliofuata Mkurugenzi alinipangia saa zangu zote chini. Zote, hadi nilipostaafu. Kama alidhani nitakwenda kumpigia magoti, alikosea mlango. Nilimwomba fundi wa radiata kila muhula, na kila muhula nikaambiwa bajeti.

Siku ya kwanza ya baridi, Furaha, ambaye sasa alikuwa darasa la juu, alishuka maabara ya chini wakati wa mapumziko. Akavua ile skafu ya kijani, akaiweka mezani. "Maman, ya kwangu njo hii. Waambie batoto balete zingine, juu kila chupa ipate yake." Nikamtazama mtoto huyu. Alikuwa amelielewa somo kuliko nilivyolifundisha: skafu haikuwa mbaya, ubaya ulikuwa kuipa chupa moja. Watoto wakaleta. Za mama zao, za kaka zao, moja yenye rangi za timu ya mpira. Kwa mtu anayetaka usahihi mkubwa hazikuwa sawa unene, ndiyo, na tulilijadili hilo somo zima, tukazikata, tukazikunja, tukazipima mpaka zikawa sawa. Furaha mwenyewe alishika mkasi kwenye yake. Tukaziweka kwenye sanduku chini ya meza. Tangu hapo maputo ya chini yalipanda, polepole kuliko ya juu, lakini kwa mpangilio wake: sukari nyingi, puto nene.

Sasa nimestaafu, nakaa Ganshoren, si mbali na ile shule ya kwanza. Vijana huja Jumatano mchana, maana huku siku hiyo shule hufungwa adhuhuri, wanakaa jikoni kwangu na vitabu vyao. Nawafundisha kwamba kuna vigeu vya kupima, kama joto na urefu, na kuna vigeu vya kutaja tu, kama rangi, jina la mtaa, nchi ya mama yako. Vya kutaja havina ngazi, hakuna cha juu na cha chini. Mtu akikwambia watu wa kwenu hawawezi, usilie na usitukane. Muulize ni nini kingine kilichobadilika, kisha kaa hapohapo mpaka akujibu.

Siku yangu ya mwisho kazini ilikuwa ya baridi, maana niliondoka katikati ya mwaka kwa sababu ya magoti. Mkurugenzi alikuwa mpya, kijana mwenye haraka, amekuja kunipeleka kwenye keki ya kuniaga, walimu walikokuwa wananingoja. Darasa lilikuwa kazini na chupa zao. Akaliona sanduku chini ya meza, vipande vya skafu vimezagaa, akauliza: "Hivi ni vitu vilivyopotea? Vipelekwe vikatupwe."

Mvulana mmoja mdogo, ambaye hakumjua Furaha wala hakuwahi kusikia habari zake, akamkinga kwa mkono. "Havikupotea, Monsieur. Ni vya maabara. Radiata haifanyi kazi, kwa hiyo kila chupa inavaa chake, zote sawa. Vinginevyo hatutajua kama ni sukari au ni baridi." Akachukua kipande cha kijani, akamnyooshea. "Tumebakiza chupa moja. Unaweza kutuvalishia?"

Mkurugenzi akanitazama. Sikumsaidia. Akapiga magoti kwenye sakafu ile ya baridi na suruali yake ya pasi, akaifunga chupa, na mtoto akamfungulia akamwambia aifunge tena, kwani haikukazwa kama zingine.